Daraja Jipya la Gitaa la Dorkasi

Daraja la gitaa la mjukuu wangu Dorkasi, kile chuma kinachobeba nyuzi, lilivunjika wiki ya mashindano ya kwaya. Bila gitaa, sehemu yake angepewa Zablon wa kinanda, naye alikuwa amekwisha kuanza kumtania.

Nilifunga daraja jipya karakanani kwangu Kizota. Nilisogeza skrubu za kila uzi mpaka sauti ya uzi usiobanwa ikapatana na ya uzi uleule ukibanwa katikati ya shingo. Kazi hiyo nilijifunza kwenye simu, nami najivunia. Kisha nikachukua ilimba yangu, ile ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, nikazilinganisha nyuzi na ndimi zake za chuma, kama marehemu baba alivyofanya na zeze.

Mazoezini Zablon akabonyeza kinanda, Dorkasi akapiga gitaa. Waimbaji wakakunja nyuso.

"Mzee Seth, gitaa lako linabishana na mimi," alisema Zablon.

"Babu, umelinganisha na nini?" aliuliza Dorkasi kwa wasiwasi.

"Na ilimba. Kwani kuna kingine?"

Kwaya nzima ilicheka. Nikatoa bisibisi mfukoni, ingawa sikujua niikaze skrubu gani.

"Subirini," alisema mwalimu wetu, Mama Domitila. "Tuimbe ule wimbo wa Kigogo. Zablon, nyamaza kidogo."

Dorkasi alianza. Sauti za akina mama zikaingia kwenye gitaa lile bila kutafutana. Walipomaliza, Zablon alizima kinanda, akachukua kayamba.

"Dada, na mimi nisimame wapi?"

"Nyuma yangu," alijibu Dorkasi.