Kabla Arv Haijawa Mali

Bia ya matanga yake aliipika baba mwenyewe, akiwa hai, akikohoa juu ya pipa. Kwetu Setesdal, huko Norwe, mtu mzima hakuwaachia wengine kazi hiyo. Sasa tulikuwa tumetoka kumzika, na kiti chake kilikuwa kitupu mwisho wa meza. Wageni walisimama kofia mikononi, wakimtazama kaka yangu Eivind.

Mrithi hunywa kikombe cha kwanza, kisha hukaa kwenye kiti cha marehemu. Akishakaa, shamba ni lake naye ni wa shamba, basi. Lakini Eivind alikuwa na tiketi ya meli ya Amerika mfukoni. Aliniambia mimi peke yangu, asubuhi, tulipokuwa tukichoma majani makavu aliyolalia baba.

"Kunywa, mwanangu," mama alisema. "Watu wana njaa."

"Kiti hakiumi, bwana mdogo!" jirani yetu Tarjei akatania, watu wakacheka.

Mjomba Asbjørn, kaka yake mama, mwalimu wa shule, hakucheka. Alimshika Eivind bega.

"Sisi tunaita arv, huo urithi. Wajerumani wanasema Erbe, Waholanzi erf. Ni neno moja, la kale mno. Wasomi wanasema kabla halijawa mali lilikuwa la mtu aliyefiwa, mtoto aliyeachwa peke yake. Kwa hiyo usione haya kulia, mjomba."

Eivind hakulia. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Akanywa, akakaa. Wageni wakapiga meza kwa ngumi kwa furaha, na mama akaanza kupakua uji wa siagi. Kesho yake nilimwona Eivind akiwasha jiko kwa ile tiketi.

Alilima shamba lile la mawe mpaka akazeeka. Hakuoa, na kicheko chake nilikisahau. Nilimchukia baba kwa ajili hiyo, na bado namchukia. Kisha theluji ikaporomoka mlimani, ikamfukia yeye na kondoo wake.

Ghalani nilikuta pipa la bia, amelifunika vizuri kwa ngozi.

Siku ya matanga yake wageni walikuwa wachache. Walisimama, wakanitazama mimi.

"Haya, Gunvor," Tarjei alisema taratibu, mzee sasa. "Umebaki wewe."

Nikanywa, nikakaa. Hakuna aliyepiga meza. Mjomba Asbjørn alishakufa zamani, hapakuwa na mtu wa kuniambia nisione haya. Nililia hivyo hivyo, mbele yao wote, na bia ya kaka yangu mkononi.