Tisa Bila

“Probert! Nasema Probert, na mwenye kubisha avue miwani yake tupigane,” alisema Maman Thérèse, akagonga kaunta kwa kikombe cha kahawa hata vumbi la chuma likaruka.

“Maman, ule haiko mbabe. Ule ni ngoma,” Donatien alijibu. “Anapigwa kwanza ngumi kumi, njo anaamuka. Miye nabakia na Laraque. Mutoto wa ba-Haïti, muntu wa kwetu. Mbele ya kupigana anakuambia bonne chance, bahati njema. Bonne chance! Kisha anakulalisha.”

“Adabu haivunjake meno, Donatien.”

“Inavunja! Utamuuliza Québec akifika.”

Hamissi aliinamia kinoo chake, kiatu cha barafu mkononi, akausogeza ubapa wake wa chuma taratibu kwenye jiwe lililokuwa likizunguka, cheche zikimpita kiunoni. Mabishano haya aliyajua kama anavyovijua vituo vya tramu kutoka kwake Schaerbeek, hapa Bruxelles, Ubelgiji. Kila Alhamisi asubuhi, kabla wakongwe wa timu hawajaingia kuteleza saa yao moja, Maman Thérèse wa tiketi na Donatien, dereva wa gari la kusawazisha barafu, husimama mbele ya kibanda chake hapa kwenye uwanja wa barafu na kugombea wababe wa hoki ya barafuni ya Amerika kama ndugu wanaogombea shamba. Mbabe, kwa asiyejua, ni yule mchezaji ambaye hakuwekwa kwenye timu kwa ajili ya magoli. Amewekwa ili yule mdogo mwenye kufunga asiguswe. Ukimgusa mdogo, mbabe anavua glavu apigane.

Siku nyingine Hamissi angesikiliza huku akitabasamu, basi. Leo chini ya meza yake kulikuwa na kopo la sambusa, na kifuani mwake kulikuwa na neno la miaka kumi na tisa. Mwamba, ambaye hawa wawili humwita Québec, alikuwa anaondoka Jumamosi kurudi Kolwezi kwa mama yake, kurudi moja kwa moja. Hii ndiyo ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho.

“Usirudi na hilo kopo,” Hawa, mke wake, alimwambia asubuhi akilifunga kwa kitambaa. “Na hilo neno pia, usirudi nalo humu ndani.”

“Nitasema.”

“Kila Idi unasema utasema. Mtu anakula sambusa zetu miaka yote hii na hajui anakula nini.”

Neno lenyewe lilianza hivi.

Hamissi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na kabla vita havijamng'oa alikuwa mnoa visu. Alikuwa na baiskeli iliyosimama pale pale, haiendi popote, pedali zikizungusha jiwe: visu vya wachinjaji, mapanga, mikasi ya mafundi cherehani. Alipofika Bruxelles, baada ya kupita nchi ambazo nyingine aliziona kupitia tundu la turubai tu, akapata kazi ya kufagia hapa uwanjani. Hakuwa amemaliza mwezi, mnoaji wa viatu akaugua, na jioni ile kulikuwa na fainali ya kupanda daraja. Meneja akauliza nani anajua kunoa. Hamissi akanyoosha mkono. Kunoa? Mtu aliyeanza ana miaka tisa!

Akanoa jozi kumi na nne kama anayenoa visu vya Idi ya kuchinja. Hakuna aliyemwambia kwamba kiatu cha barafu si kisu. Katikati ya ubapa wake kuna kijifereji chembamba, hukioni mpaka ukielekeze kwenye taa, na hicho ndicho kinachoupa ubapa midomo miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Mtelezaji husimama kwa midomo hiyo. Ukinolewa sawasawa, ubapa huchora kwenye barafu mpya mistari miwili, myembamba kama nyuzi. Hamissi alikiona kile kijifereji akadhani chuma kimechakaa. Akakifuta. Midomo miwili akaifanya mmoja, mkali wa kunyolea ndevu. Akaujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, akaridhika.

Timu ikaingia barafuni, ikaanguka. Walianguka wakikata kona, walianguka wakitaka kusimama, walianguka hata bila kuguswa, na walioanguka waliwaangusha wengine. Kipa alikuwa Donatien, enzi hizo bado ana kiuno. Alitoka golini mara moja tu kwenda kuzuia, akapitiliza na goli akaliacha nyuma, mikono hewani, kama kabati linalosukumwa kwenye sakafu yenye sabuni. Wakafungwa tisa bila.

Kwenye chumba cha kuvalia palikuwa na matusi ya lugha tatu. Mmoja akauinua ubapa kwenye taa. “Nani amenoa hivi?” Hamissi alikuwa mlangoni na ufagio wake. Karatasi zake za ukaaji zilikuwa hazijatimiza miezi miwili, na Hawa alikuwa na mimba ya binti yao Rayhana. Ndipo Mwamba, mbabe wa timu, aliyekaa kwenye benchi na mfuko wa barafu juu ya ngumi zake, akasema bila kuinua kichwa: “Ni miye nilimuambia anoe vile. Kule Québec njo wananoaka vile.”

Mwamba alikuwa amefika Québec, kule Kanada kwenye hoki yenyewe, mara moja maishani, kambi ya mazoezi ya wiki mbili. Walimzomea. Walimwondoa kwenye timu msimu mzima uliofuata. Na tangu jioni ile jina lake likawa Québec, hata kwa watoto ambao hawakuiona mechi. Hamissi je? Meneja alisema kosa si lake, ametii tu, akampeleka kwa yule mnoaji mgonjwa akafundishwe. Leo watu wanaleta viatu kutoka Liège, kutoka Anvers, wakiutafuta mkono wake.

Hakusema. Mwanzoni aliogopa kupoteza kazi. Baadaye meneja alistaafu, woga wa kazi ukaondoka naye, ikabaki aibu ya kuchelewa, na hiyo kila mwaka ilizidi uzito.

“Hé, ba-champions!”

Mwamba aliingia kwa ubavu, kama alivyozoea kuingia kila mlango, mtu mpana, anachechemea kidogo. Miaka kumi na tano amesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kule Jette, na mgongo ulikuwa umemwambia basi. Viatu vyake vilikuwa vimening'inia shingoni.

“Québec!” Donatien alifungua mikono. “Njo unaenda kweli? Unaenda kuwafundisha ba-Kolwezi kunoa à la québécoise?”

“Wakiwa na barafu, nitawafundisha.”

“Wakianguka bote, watakurudisha huku kwa ndege ya kwanza!”

Wakacheka. Mwamba naye akacheka, kama alivyocheka miaka yote. Hamissi alikiona kicheko kile kikiishia mdomoni, hakipandi machoni. Alikuwa amekiona kila Alhamisi.

“Bon, amua weye,” Maman Thérèse alimwambia Mwamba. “Probert ao Laraque?” Kisha akageuka. “Hapana, ngoja. Papa Hamissi! Dix-neuf ans, miaka kumi na tisa, unatusikilizaka sawa redio ya kuzimwa. Leo sema. Mbabe wa bote ni nani?”

Hamissi akazima mashine. Jiwe liliendelea kuzunguka peke yake, likipunguza, likipunguza, na yeye akalingoja mpaka likasimama kabisa.

“Ni huyu,” alisema, akamwonyesha Mwamba kwa kiganja.

Donatien aliangua kicheko. “Huyu? Alipigana mara ngapi, akashinda ngapi?”

“Nilishinda tatu,” Mwamba alisema. “Ya nne ule muntu aliteleza.”

“Sikilizeni,” Hamissi alisema. “Siku ya tisa bila, hakuna aliyeniambia ninoe vile. Ni mimi. Nilinoa kama visu vya kwetu. Ule mfereji niliufuta kwa ujinga wangu, nikadhani chuma kimechakaa. Mwamba hakuwa ameniambia kitu. Hata jina langu alikuwa halijui. Aliona wananigeukia, akaingia mbele.”

Nyuma ya kioo barafu ilikuwa tupu na nyeupe.

Donatien alivua kofia yake. “Attends. Ngoja kwanza. Magoli neuf, tisa nzima, Hamissi. Bibi yangu mpaka leo ananiita chujio. Na weye unakaa hapa, unaninolea viatu, unaniuliza habari ya batoto?”

“Ndiyo, Donatien. Nisamehe.”

“Na huyu miye namuchekelea dix-neuf ans!” Akamgeukia Mwamba, na uso wake ulikuwa umebadilika. “Weye, ulinyamaza sababu gani? Ulisema vile sababu gani?”

Mwamba alitazama mikono yake. Vidole vya mkono wa kuume vilikuwa vimepona vibaya, viwili vimelaliana kama watoto wanaolala kitanda kimoja.

“Bon. Huyu wangemufukuza,” alisema. “Miye wangenitukana tu. Nani angenipiga?” Akainua mabega. “Njo ilikuwa kazi yangu, hapana?”

Maman Thérèse alianza kucheka, halafu akatafuta kitambaa kwenye mkoba wake, halafu hakukipata, akajifuta kwa skafu.

Hamissi aliinama akatoa kopo. Aliizunguka kaunta yake, jambo ambalo huwa halifanyi mbele ya wateja, akasimama mbele ya Mwamba na kumpa kopo kwa mikono miwili.

“Asante, ndugu yangu,” alisema. “Hizi ni za Hawa. Na zile za kila Idi, zote zilikuwa za asante hii. Sikuwa na mdomo wa kuisema.”

“Zote?”

“Zote.”

Mwamba alifungua kitambaa. Harufu ya iliki na vitunguu ikapanda, ikashinda harufu ya chuma. “Kumbe,” alisema polepole. “Miye nilizania unapendaka tu kunenepesha ba-Katanga.”

“Na hilo pia.”

Mwamba alitafuna moja, akameza. “Unajua, Hamissi, humu ndani kila muntu aliniletea batu ya kupiga. Huyu piga, ule piga. Chakula, weye peke yako.” Akaliweka kopo kifuani, akalikumbatia. “Alors, aksanti na weye. Nilikula bien.”

Donatien alinyoosha mkono akachukua sambusa bila kuomba. Akachukua ya pili. “Mpaka zifike neuf,” alisema na mdomo umejaa, lakini sauti yake haikuwa na ugomvi tena. Akavaa kofia. “Naenda kupanga barafu.”

“Umeisha ipanga asubuhi,” Maman Thérèse alisema.

“Naipanga tena! Mwamba hataingia pa barafu ya zamani. Na musipite, muntu asiweke muguu.” Muda si mrefu gari lake likasikika likinguruma nyuma ya kioo.

Hamissi alivichukua viatu vya Mwamba kutoka shingoni mwake. Akawasha jiwe. Alipitisha ubapa mara nne, mara tano, akaupangusa, akauinua kwenye taa na kufumba jicho moja: kijifereji kilikuwa pale, kisafi, kutoka kisigino hadi ncha. Akaunoa na wa pili. Kisha akapiga magoti sakafuni.

“Wacha,” Mwamba alisema. “Nafungaka miye mwenyewe. Pole pole.”

“Najua.”

Mwamba akamnyooshea mguu. Hamissi alivuta kamba tundu kwa tundu, kwa nguvu ile mbabe anayoipenda, kifundo kisicheze, akafunga na kuingiza ncha ndani. Akamshika mkono hadi kwenye kilango cha uwanja. Donatien alikuwa ameliegesha gari, na maji ya mwisho yalikuwa yanaganda, barafu yote inang'aa, haina alama hata moja.

“Bonne chance,” Hamissi alisema.

Mwamba alisukuma mguu akaenda. Hamissi hakumfuata kwa macho. Alitazama chini, pale kilangoni, mahali ambapo mistari miwili ilikuwa imeanza, myembamba, safi, ikienda sambamba mpaka mbali kwenye kona, na huko ikapinda pamoja.