Sauti Yangu Mdomoni mwa Jethro

Jethro simpendi, na sitajifanya nampenda. Nyinyi mnaocheka naye redioni kila asubuhi, chekeni tu, si hamjaguswa bado.

Alianza kazi hapa Juba akisoma matangazo ya vifo. Stesheni ya kwanza ilimfukuza kwa kumwiga mjane anavyolia. Ya pili ilimsimamisha miezi miwili kwa kumdhihaki mchungaji. Ya tatu ikampa kipindi cha Kiswahili, eti wasikilizaji wanamtaka! Humo ndimo alimomzaa Mama Kwaruza.

Mama Kwaruza ni mimi, Bilha, mwenye hoteli ya chakula mtaani Hai Mauna. Tangu nipasuliwe tezi ya shingo, sauti yangu inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Jethro alikuwa mteja wangu. Mwaka mzima alikula chapati zangu huku akiniibia sauti, mshenzi yule. Mwanzoni hata mimi nilicheka. Kisha huko redioni Mama Kwaruza akaanza kuwapikia watu paka.

Wiki ya kwanza wateja waliingia wakilia "nyau," wakaagiza, wakala. Ya pili wakaanza kuuliza nyama imetoka wapi. Ya tatu nilikuwa na meza saba na mteja mmoja, naye alitaka maji tu. Haki ya nani, miaka tisa ya jasho langu ife kwa mzaha wa mtu!

Jumatatu nikaenda stesheni. Sikumwambia mtu, hata Atong, binti tunayepika naye tangu nifungue hoteli.

"Utasema ni uongo," nikamwambia Jethro. "Sasa hivi, hewani."

"Si useme mwenyewe, mama." Akanisogezea maikrofoni.

Nikasema! "Mimi ni Bilha. Sijawahi kupika paka. Nyama nanunua sokoni mbele ya watu. Mwenye shaka aje afunue sufuria zangu!" Nilitaka kumaliza kwa heshima, lakini kilio kikanishinda.

Simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa mtu wa bodaboda wa mtaa wa Gumbo, anacheka hadi anakohoa. "Jethro, leo umetuua! Mama Kwaruza analia!"

Jethro akabadilika uso. "Jamani, huyu ni mama mwenyewe. Kweli kabisa, si mimi."

Wa pili akacheka zaidi. "Haya basi, mama mwenyewe, sahani ya paka ni ngapi?"

Nikamtukana Jethro pale pale, matusi ambayo sijawahi kuyatamka tangu nibatizwe. Nayo yakaenda hewani. Nayo wakayacheka.

Niliporudi Hai Mauna, nilimkuta Atong ameinamia meza, redio mbele yake, anafuta machozi kwa aproni. Moyo ukanitulia kidogo. Nikajua walau mmoja amenionea huruma.

Akainua kichwa, mbavu zimeshikwa kwa mikono miwili. "Ee mama, umekosa uhondo! Leo amekuiga kuliko siku zote. Wallahi, hata kulia kwako anakujua!"

Nikaenda jikoni, nikaumwagia maji mkaa uliokuwa ukiwaka chini ya sufuria.