Kikombe cha Chai Bungulu

Mgongo wangu ulinikamata nikitoka shambani na viazi. Sisi wanawake wa Butembo hubeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, shingo imeinama. Nimebeba hivyo tangu nina miaka saba na sijawahi kumdai mtu pole. Siku ile nilipitia kwa jirani yangu Léa, nikanywa chai yake, nikavaa kamba yangu tena. Sikufika hatua kumi. Maumivu yalinichoma kiunoni, moyo ukaanza kukimbia, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa. Nikajua nakufa. Nilikaa chini katikati ya njia, mimi Kavuo, watu wakinitazama.

Wifi yangu Kaswera hakuhitaji daktari.

"Balikulisha sumu," akasema. "Ulikunywa wapi?"

Nikajibu: kwa Léa. Basi. Siku tatu alinitapisha kwa maji ya majani. Kila nikitapika mgongo uliuma zaidi, kila ukiuma moyo ulikimbia, na kila ukikimbia Kaswera alisema sumu ingali tumboni. Mtaa mzima ukaacha kunywa kwa Léa. Mimi nikanyamaza, na aibu hiyo ni yangu, sitamtwika mwingine.

Ndipo binti yangu Bénie akajifungua kule Beni, Bungulu, kwa mama mkwe wake Jokébed. Kwetu mama wa aliyejifungua hufika na mzigo wake mgongoni: unga, maharagwe, kuku. Ukimtuma mtu mwingine, wakwe watasema binti hana kwao. Nilikuwa na wiki nne za kujiandaa, na sikuweza kubeba hata ndoo.

Nikaenda kituo cha afya. Daktari alinipima moyo na damu, akasema viko vizima, akanipeleka kwa Malachie, mtu wa kunyoosha viungo, mwenye mikono ya fundi mwashi. Aliniinamisha. Mgongo ukachoma, moyo ukaruka, nikamshika shati nikipiga kelele kwamba nakufa. Yeye akangoja tu, hadi ikapita.

"Mama, sumu hapana," akasema. "Mugongo ikikamata, unafunga pumuzi. Ukifunga pumuzi, roho inakimbia. Roho ikikimbia, unawaza unakufa, basi mugongo inakaza tena. Byote bibili binasaidiana."

"Sasa nifanye nini? Nilale?"

"Kulala njo kosa. Beba kidogo kidogo. Na ikikuya, toa pumuzi polepole, uite jina yake, usikimbie."

"Jina yake nini?"

"Woga, mama. Woga tu. Haiuwe mutu."

Nilikasirika hadi nyumbani. Aliyelishwa sumu ana heshima yake, maana ana adui. Mwenye woga ana nini? Lakini Jokébed alikuwa akinisubiri Bungulu, na hasira haibebi unga. Kesho yake nikavaa kamba na kilo mbili. Kisha tano. Kisha kumi. Ule woga ulinijia mara nne njiani. Nikautaja, nikapumua, ukaondoka. Nilipofikisha kilo kumi na tano nikaenda kwa Léa kuomba msamaha. Hakunikaribisha ndani.

"Ulinyamaza mbele ya batu," akasema, "na unaniomba musamaha mu mulango."

Nikarudi nyumbani kuvaa kamba.

Siku ya safari nikapanda pikipiki na mzigo wangu. Njiani, toka Maboya hadi Kabasha, mgongo ulinung'unika, nami nikaunung'unikia. Bungulu nikashuka kwenye kona, nikavaa kamba, nikaingia uani kwa miguu yangu. Jokébed alinivua kamba kwa mikono yake, akaniketisha kati ya jamaa zake, akanipa chai. Nilikuwa nimefika! Nikanywa nusu. Bénie akaja na mtoto, nikainama kumpokea, na hapo ikachoma.

Moyo ukakimbia. Vidole vikafa. Nikamrudisha mtoto haraka kwa mama yake, nikashika kifua. Ua mzima ukanigeukia. Macho yalinitazama mimi, kisha yakahamia kwenye kikombe. Mama mmoja akamsogeza mwanawe mbali na birika. Niliyajua macho yale. Kabla ya jua kutua Bungulu yote ingesema, kesho Butembo, na Bénie wangu angeitwa mke wa nyumba ya sumu.

"Mama Kavuo," Jokébed akasema, "mi sikutia kitu."

"Najua." Sauti ilinitoka kwa shida. Nikatoa pumzi, nikaanza tena, kwa nguvu, wasikie hadi barabarani. "Ni woga! Inanikamataka kama mugongo inauma. Kule Butembo tulisema ni sumu, tukamusingizia Léa, jirani yangu. Léa hakufanya kitu. Nilijua na nikanyamaza. Mutu akiwauliza, museme ni Kavuo mwenyewe alisema."

Kusema kweli hakukuutuliza moyo. Upande mmoja wangu bado uliamini nakufa, na niliogopa, niliogopa sana. Nikakichukua kikombe kwa vidole visivyohisi kitu, chai nyingine ikamwagikia kitenge, nikanywa hadi majani ya chini. Kisha nikamnyooshea Jokébed.

"Niongeze, mama."

Alimimina hadi ukingoni. Nikanywa na hicho, moyo ungali unakimbia, watu wote wakitazama.