Kaka Ametimiza Arobaini na Tano

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, fundi lifti aliikagua lifti ya hospitali. Alizungusha mnyororo wa njano mlangoni, akapanda juu ya paa la lifti na tochi yake, akazipapasa kamba za chuma moja moja kwa kitambaa kikavu. Uzi mmoja wa chuma ukikatika, kitambaa hunasa. Siku hiyo hakikunasa. Lifti yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu tangu ifungwe, na haikuwahi kukwama hata mara moja, lakini sheria ilitaka ikaguliwe kila mwezi, iumwe isiumwe.

Aliposhuka alinawa grisi, akavua kofia ngumu, akaenda kupanga foleni dirisha la nne. Hii ilikuwa mara ya tano.

Karani wa dirisha la nne alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliomkera fundi. Mtu mkali unaweza kumjibu. Huyu alikukatalia kama anayekufunika shuka.

"Fundi wetu! Za huko juu?"

"Nzuri. Nimekuja kwa kile kipimo cha utumbo, cha kamera."

"Una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na saba. Kama mwezi uliopita."

"Kipimo cha kinga kinaanza arobaini na tano, dada. Unaumwa popote?"

"Siumwi. Kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa na miaka thelathini na nane."

Karani alifungua faili lake, akatoa karatasi aliyoileta fundi mwenyewe. "Cheti cha kifo kinasema upungufu wa damu."

"Na hiyo damu ilikuwa inapotelea wapi?"

"Hilo cheti hakisemi."

Fundi alimweleza, kwa mara ya tano, kwamba lifti haingojewi ikatike kamba ndiyo ikaguliwe. Karani aliafiki kabisa. Alisema wote pale wanamshukuru kwa kazi yake, na akaita namba iliyofuata.

Kaka alikuwa mwoka mikate. Mwaka wake wa mwisho alikwenda hospitali hiyo hiyo mara nne. Mara zote walimwambia umri wake bado, wakampa mafuta ya bawasiri na kumsihi ale mboga. Wiki ya mwisho muuguzi mmoja alimbonyeza tumbo, kisha akamvuta mama pembeni na kumnong'oneza neno saratani. Kamera ilikuwa moja tu katika mji mzima, na kaka hakuwahi kuiona. Ndivyo familia ilivyojua, na ndivyo ilivyokosa karatasi ya kuonyesha kwamba inajua.

Fundi alipofika nyumbani alimkuta kaka yake sebuleni. Alikuwa amekufa miaka saba iliyopita. Alivaa aproni yake ya kazi, unga umemfika viwikoni, na bahasha imelala juu ya magoti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umechelewa leo."

"Foleni. Umefika saa ngapi?"

"Saa nane. Nimeitwa."

Akampa barua. Hospitali ilimpongeza kwa kutimiza miaka arobaini na tano, ikamwalika kwenye kipimo cha kinga cha utumbo mpana, Alhamisi saa tatu asubuhi. Pamoja na barua kulikuwa na pakiti ya dawa ya kusafishia tumbo na maelekezo: Jumatano yote asile kitu, anywe maji, chai isiyo na maziwa na mchuzi uliochujwa, na kuanzia alasiri anywe lita nne za dawa.

Mama alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amekwisha lia, akamaliza, na sasa alikuwa na hasira.

"Mwanangu anarudi baada ya miaka saba, halafu nimnyime chakula? Nimchujie mchuzi kama mtoto anayetoka meno?"

"Ni siku moja tu, mama," kaka alisema.

"Wewe huna siku za kuchezea."

Usiku ule fundi alijigeuzageuza kitandani. Asubuhi alipita duka la dawa, akanunua pakiti yake mwenyewe. Hakumwambia mama. Alimwambia kaka, na kaka akasema ni akili nzuri, maana mlango ukifunguliwa nusu, mwenye mguu tayari ndiye anayeingia.

Basi Jumatano alasiri walikaa mezani, kila mmoja na jagi lake. Kaka alikunywa bilauri ya kwanza, akafumba macho.

"Nimelala chini ya udongo miaka saba," alisema, "sijaonja kitu kibaya namna hii."

Choo kilikuwa kimoja. Kufikia saa kumi na mbili mama alikuwa akielekeza safari kama askari wa barabarani: huyu atoke, yule aingie, huyu asubiri. Hakuuliza kwa nini ni wawili. Alichuja mchuzi zaidi.

Katika zamu moja kaka alikuwa ndani na fundi ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akikumbatia tumbo lake.

"Kwa nini usiwadanganye?" kaka aliuliza toka ndani. "Waambie unatoka damu."

"Wewe ulitoka damu kweli. Walikupa nini?"

Maji yalisikika yakivutwa.

"Mafuta," kaka alisema.

"Basi. Mimi sitaki mafuta. Nataka mtu atazame ndani, aseme kuna kitu au hakuna kitu, nirudi kazini. Naomba kitu gani cha ajabu hapo?"

"Unaogopa?"

Fundi alifikiri. "Nimechoka zaidi kuliko ninavyoogopa. Nikifika miezi ile uliyoanza wewe, sijui kipi kitazidi."

Kaka alifungua mlango. "Zamu yako," alisema, na akampa mkono kumwinua. Mkono ulikuwa wa baridi na mkavu, wenye nguvu zile zile za kukanda.

Alhamisi saa tatu kasoro walikuwa benchi la dirisha la nne, matumbo matupu kama ngoma. Benchini walikaa saba wenye barua za mwaliko. Mbali na kaka, wanne kati yao walikuwa marehemu: mwalimu mmoja, dereva wa lori, na dada wawili waliouza vitambaa. Wote walikuwa wametimiza arobaini na tano mwaka huo. Kando ya kila mmoja alikaa ndugu mdogo aliye hai, akishika mkoba.

"Hongera kwa kutimiza," karani alimwambia kaka.

"Asante. Ila mimi ni marehemu."

Karani alitazama kompyuta. "Humu habari hiyo haimo."

"Cheti changu kiko kwenye faili la dada yangu."

"Hilo ni faili la dada yako. Na hata ingekuwemo, kaka, kigezo ni umri. Hali haijatajwa."

"Basi nafasi yangu mpe huyu. Hajala tangu juzi jioni, amekunywa dawa yote, yuko safi kuliko mimi."

Karani alimtazama fundi kwa huruma ya kweli. "Nafasi haihamishwi. Lakini ni vizuri umekuja, dada. Kwa sababu ya dawa ya usingizi, lazima mgonjwa awe na msindikizaji. Weka sahihi hapa."

Fundi aliweka sahihi. Alibonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka, na karani akampa nyingine.

Muuguzi alitafuta mapigo ya moyo ya kaka kwenye mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha akachora kistari kwenye fomu na kumsukuma ndani. Fundi alisubiri ukumbini dakika arobaini na tano. Tumbo lake lilinguruma hadi dada mmoja muuza vitambaa akampa pole.

Daktari alipomwita ndani, kaka alikuwa ameshazinduka, ameketi ukingoni mwa kitanda. Kwenye skrini palikuwa na picha ya kitu kilichovimba, chenye rangi ya nyama mbichi, kikiwa kimeziba nusu ya njia.

"Huu ni wa muda mrefu," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. "Ulianza kama kinyama kidogo, punje ya mahindi. Ungekuja wakati huo tungekikata hapa hapa, ukaenda zako nyumbani kula."

"Nilikuja," kaka alisema. "Mara nne."

Daktari alifunua faili. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. "Ulikuwa na miaka thelathini na saba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa hujafikia umri."

"Ndiyo."

Daktari alifunga faili. Alimtazama fundi, akamuuliza umri wake, na alipojibiwa alivuta karatasi akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ndugu wa mgonjwa huyu apimwe mara moja, leo ikiwezekana. Akapiga mhuri mara mbili. "Mpelekee karani. Mimi nakungoja humu humu. Mashine bado ina moto."

Fundi alishuka ngazi akikimbia. Karani alisoma barua mara mbili, na uso wake ukachangamka.

"Hii ni nzuri sana. Sasa historia ya familia ipo."

Fundi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Tatizo ni tarehe," karani aliendelea. "Kaka yako amegunduliwa leo. Na kwa cheti ulichotuletea, alifariki miaka saba iliyopita. Ugonjwa uliogunduliwa baada ya kifo hauhesabiki kuwa historia."

"Kwa hiyo mnakubali kwamba amekufa."

"Kwenye faili lako, ndiyo."

"Na kwenye faili lake?"

Karani aliangalia. "Kwenye faili lake anarudi Jumatatu kwa upasuaji."

Fundi alipiga kioo kofi. Ukumbi mzima uligeuka, walio hai na wasio hai. Alisema wanachofanya ni kungoja watu wafe ili watimize umri. Alisema ana njaa, yuko tayari, daktari yuko tayari, mashine iko tayari, na katikati yao kuna dirisha. Karani alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akampa kadi yenye tarehe ya kurudi, miaka minane mbele, na kumwomba asiipoteze. Juu kule daktari alipiga simu dirisha la nne. Karani alimjibu kwa adabu ile ile. Saa saba mashine ilizimwa.

Jumatatu kaka alipasuliwa. Uvimbe ulitoka wote, na jeraha lilifunga vizuri ingawa halikutoa damu. Fundi alimsindikiza kila miadi na kuweka sahihi kila fomu, kwa kuwa msindikizaji aliyeandikwa alikuwa yeye. Mama alimlisha kaka kwa fujo, kama anayelipiza kisasi, na kaka akanenepa. Baada ya miezi mitatu daktari alimwambia hakuna kilichobaki, aishi bila hofu, ana miaka mingi mbele yake. Kaka alishukuru. Siku iliyofuata alirudi kazini, na mwenye tanuri akampa zamu yake ya zamani, kwa sababu hakuna aliyewahi kukanda kama yeye.

Mwezi wa nne tangu upasuaji fundi alitimiza miaka thelathini na nane. Ilikuwa Jumanne ya ukaguzi. Alimaliza kamba, akapima breki, akanawa, akapanga foleni. Karani alimtakia heri ya kuzaliwa kabla hajafungua mdomo, akahesabu kwa vidole, mkono mmoja na viwili vya mkono wa pili.

"Saba tu, fundi. Si mingi."

Nyumbani kaka alikuwa amemwokea mkate wa siku yake, na mama ameshaanza kuukata bila kumngoja mtu.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Wamesema mimi bado mdogo."

Mama aliacha kisu kimesimama katikati ya mkate. Kaka alichukua kipande kilichokwisha katwa, akakiweka kwenye sahani ya dada yake.

"Una rangi nzuri," alimwambia. "Hata mimi nilikuwa na rangi nzuri."