Kisanduku cha Wifi Eustadia

Jamani, mimi Tekla fisi simwogopi, nyoka namponda kwa mchi. Lakini mwaka ule wa tetesi za tauni niliogopa mpaka ugali ukanishinda kumeza. Hapa Tabora, nyumba iliyokutwa na kiota cha panya ilichomwa moto, vitanda vikiwa ndani. Na chini ya kitanda changu mwenyewe, ndani ya kisanduku cha mbao, wifi yangu Eustadia alikuwa analea panya!

"Siyo panya, wifi. Anaitwa hamsta, mnyama wa kufuga wa Wazungu. Mkia wake uko wapi?"

Memsahibu, mke wa Mzungu wa reli, aliyekuwa mwajiri wake, alimwachia mnyama huyo mumewe alipohamishwa. Hata wiki haikupita, akazaa: vitoto vyekundu, macho yamefumba. Wifi hakujaliwa mtoto, basi akawa haondoki kwenye kile kisanduku. Kila kitoto alishakitafutia nyumba ya kwenda. Kimoja kwa Nasim, binti wa mwenye duka, vingine kwa masista.

"Wakiacha kunyonya tu, wanaondoka. Nivumilie, wifi yangu."

"Nikuvumilie? Utanilaza nje na wanangu, wewe!" Mume wangu alikuwa Tura, kazini relini, na nyumba ile niliikandika udongo kwa mikono hii.

Bwana afya Kasimiri alifika asubuhi, kitambaa puani, na askari wawili wenye debe la mafuta ya taa. Wifi alikisukumia kisanduku nyuma ya kuni kwa pupa, kikagonga ukuta. Kasimiri alichungulia uvunguni, akapanda darini, hakuona kitu.

"Haya mama, endeleeni na usafi," akasema, akatoka. Nikashusha pumzi.

Ndipo wifi alipofunua kisanduku. Mama yupo, kichwa kimevimba. Watoto hawapo.

"Amewala! Amewala wanangu!" Akaangua kilio, kile chenyewe cha msiba.

Kwetu kilio hakikosi watu. Siku hiyo nilisikia majirani wakifunga milango. Aliyerudi ni Kasimiri na askari wake tu.

"Nani kafa humu?"

Yule mnyama alikuwa anawatoa watoto mdomoni, mmoja mmoja, wote wazima. Kumbe kile kishindo kilimtisha, akawaficha mashavuni!

Kasimiri aliruka nyuma. Naye alikuwa anaogopa, maskini.

"Si panya wa huku, bwana," nilimsihi. "Tazama, hana mkia."

"Mama, sina amri ya mikia. Wafe hawa sasa hivi, au nyumba iungue."

Maji ya ugali yalikuwa yanachemka jikoni. Nilimtazama wifi. Niliwaza wanangu watalala wapi. Yeye hakuniomba chochote. Aliipua sufuria mwenyewe. Mvuke ulipomfikia, yule mama alianza kuwarudisha wanawe mashavuni, haraka haraka. Wifi aliona. Akamwaga.

Nyumba yangu haikuchomwa.

Jioni Eustadia alifunga mzigo aende kwa dada yake, kule Kaliua. Nililia, nikamshika mkono, nikamwomba alale japo siku moja.

"Sikulaumu, wifi," alisema. "Nyumba yako ni nzuri. Lakini mimi sitapata usingizi ndani yake."