Watu wa Serikali

Hakuna ofisi Voi iliyowahi kumshinda Danson. Ndivyo alivyowaambia wenzake waliokuwa wakichimba mtaro wa maji wa kupanda Sagalla. Kidato cha nne alikuwa amemaliza, Kiingereza anacho, na ofisa wa leba, yule wa idara ya kazi, angemsikiliza wima kama anayeimba kwaya.

Shida ilikuwa ya Mulei. Bomba lilimwangukia mguuni, kontrakta akamfukuza papo hapo, eti kambi yake si hospitali. Mulei alitaka kitu kimoja tu: mguu ukipona arudi kazini. Danson akapiga shati pasi, akashuka mjini.

Ofisa akamuuliza huyo mgonjwa ameajiriwa na nani. Sasa, kuanzia Maungu hadi Sagalla, kila mchimba mtaro alijiita mtu wa Serikali. Lori lililowabeba lilikuwa na nambari za GK, za magari ya Serikali, kontrakta ameliazima tu, lakini kijana akishaonekana juu yake hata mama mkwe humchinjia kuku. Danson akatanua kifua.

"Sisi ni watu wa Serikali, bwana ofisa."

Ofisa akafunika kalamu. Akaeleza kwa upole kwamba bodi yake huamua kesi za waajiri binafsi; watu wa Serikali waende kwa wizara yao.

Wizarani, ng'ambo ya reli, karani alicheka. Mtaro ni wa Serikali, wachimbaji ni wa kontrakta. Danson akarudi leba mbio, shati limeshalowa. Ofisa akamwambia mtaro ni wa Serikali, lori ni la Serikali, na yeye mwenyewe amekiri kwa mdomo wake. Bodi haina mkono wa kufika huko. Kisha akaita anayefuata.

Jioni kambini Danson akasimulia jinsi alivyogonga meza. Alimwambia ofisa waziwazi kwamba Mulei ni mtu wa kontrakta, lakini wapi, jamaa ana kichwa kigumu.

Mulei alitazama mguu wake uliofungwa leso.

"Kwa hivyo mimi ni mtu wa nani?"

Mkewe, Mutindi, ambaye huuza ndizi mjini mchana, alikuwa akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Sahani ya Danson akaijaza kama za wengine, akamkabidhi.

"Mimi huketi chini ya dirisha la leba, Danson," akasema. "Halina kioo."